Mfilisi na Mahakama: Mwongozo Kamili kwa Mdai wa Kampuni Iliyofilisika

Kampuni ikishindwa kulipa madeni na kuingia kwenye ufilisi, wadai wengi hukaa wakisubiri. Wamesikia mahakama imetoa amri na mfilisi, yaani mtu wa kukusanya na kuuza mali ya kampuni ili wadai walipwe, ameteuliwa, basi wanaamini kuna jaji anayefungua jalada kila mwezi kuangalia kipi kimeuzwa, kwa bei gani, na nani kalipwa. Hakuna jaji wa namna hiyo. Katika mfumo wa sheria wenye asili ya Uingereza, ambao nchi nyingi kuanzia Afrika Mashariki hadi Australia zimeurithi, mahakama humsimamia mfilisi pale inapoombwa. Asipotokea wa kuomba, mfilisi huamua mwenyewe, na sheria imempa ruhusa hiyo.

Nguvu ya jaji akishaombwa ni kubwa. Anaweza kufuta mauzo, kukata ada, kumwondoa mfilisi, hata kumwamuru arudishe fedha kutoka mfukoni mwake. Lakini nguvu hiyo haiamki mpaka mtu mwenye haki aje na swali lililo wazi na karatasi za kulithibitisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika hapo. Vifungu na muda ninaoutaja ni wa Uingereza, kwa kuwa huko ndiko nchi nyingi zilikoanzia kutunga sheria zao. Kabla hujachukua hatua, tafuta kifungu kinacholingana katika sheria ya nchi ambako kampuni inafilisiwa, maana muda hutofautiana hata pale ambapo maneno yanafanana.

Hatua ya kwanza: jua ni ufilisi wa aina gani

Kuna ufilisi wa amri ya mahakama na ufilisi wa hiari. Wa kwanza huanza kwa mdai, kampuni yenyewe au mamlaka ya serikali kupeleka ombi mahakamani, na jaji akaridhika kwamba kampuni haiwezi kulipa madeni yake. Wa pili huanza kwa azimio la wanahisa. Kampuni ikiwa haina uwezo wa kulipa, wadai ndio wenye kauli ya nani awe mfilisi.

Tofauti hii hubadilisha mambo mawili. Mfilisi wa amri ya mahakama ni ofisa wa mahakama, na mahakama humdai uadilifu unaozidi ule wa kisheria tu. Mwaka 1874, katika shauri la Ex parte James, mahakama ilimwamuru msimamizi wa mali ya mfilisika kurudisha fedha alizopokea kutoka kwa mtu aliyelipa kwa kuielewa vibaya sheria, ingawa kwa sheria kavu angeweza kuzishikilia. Hoja ilikuwa kwamba ofisa wa mahakama hafanyi jambo ambalo mtu mwaminifu angeona aibu kulifanya. Kanuni hiyo bado inatumika, na mdai akiwa mbele ya mfilisi wa aina hii anaweza kuitegemea. Mfilisi wa hiari kwa kawaida habanwi na kanuni hiyo, lakini hayuko nje ya mahakama: kifungu cha 112 cha Sheria ya Ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1986 kinamruhusu mdai, mwanahisa au mfilisi mwenyewe kupeleka mahakamani swali lolote linalotokana na ufilisi huo.

Jambo la pili ni mahali pa kuanzia. Ufilisi wa amri una jalada mahakamani, lenye namba, na ukienda masjala ukiwa na namba hiyo utaweza kuomba kulisoma. Ufilisi wa hiari unaweza kuanza mpaka kumalizika bila jalada lolote. Kumbukumbu zake ziko kwa Msajili wa Makampuni na kwa mfilisi. Zipo pia nchi zenye mtu mwingine katikati. Afrika Kusini ina ofisi ya Master wa Mahakama Kuu, inayowateua wafilisi na kukagua hesabu zao. Marekani ina U.S. Trustee, ofisi ya serikali inayowaangalia wasimamizi wa mufilisi kabla jaji hajaguswa. Penye ofisi kama hiyo, anza nayo. Malalamiko huko hugharimu kidogo kuliko shauri.

Hatua ya pili: thibitisha deni lako

Mdai ambaye deni lake halimo kwenye daftari la mfilisi ni mpita njia. Jaza fomu ya kuthibitisha deni, ambatanisha mkataba, ankara, hati za kupokelea mzigo, taarifa ya akaunti na barua ambamo kampuni ilikubali kuwa inadaiwa. Eleza kiasi kilivyokuwa siku ufilisi ulipoanza. Riba baada ya siku hiyo ina utaratibu wake, wala usiichanganye.

Kama unashikilia dhamana, iwe rehani ya jengo au dhamana juu ya mitambo, itaje wazi kwenye fomu. Chini ya kanuni za Uingereza, mwenye dhamana asiyeitaja huhesabiwa ameisalimisha kwa faida ya wadai wote, na kuirudisha inabidi aiombe mahakama. Nimeona watu wenye madai mazuri kabisa wakijidhoofisha kwenye fomu hii ya kurasa mbili kwa sababu waliijaza haraka.

Mfilisi akikataa deni lako, lote au sehemu, anapaswa kukupa sababu kwa maandishi. Kuanzia siku uliyopokea barua hiyo una siku 21 kwenda mahakamani. Hapa jaji hakagui tu kama mfilisi alitumia akili. Analiangalia deni upya, na ushahidi ambao hukumpa mfilisi unaweza kuupeleka kwa jaji. Ni njia nyepesi kuliko zote zitakazofuata, na watu huipoteza kwa kuandikiana na mfilisi barua za kubembelezana mpaka muda unakwisha.

Sababu nyingine ya kuhakikisha umo kwenye daftari ni haki ya kusikilizwa. Mwaka 1999 Baraza la Rufaa la Privy Council huko London, katika rufaa iliyotoka Visiwa vya Cayman, lilisema haitoshi mwombaji kutajwa na sheria. Lazima awe na maslahi halali katika jambo analoliomba. Walioomba mfilisi aondolewe walikuwa wakaguzi wa hesabu walioshtakiwa na kampuni hiyohiyo, na maombi yao yalitupwa. Kwa msingi huohuo mwanahisa wa kampuni ambayo mali yake haitatosha hata kuwalipa wadai huambiwa hana la kupoteza, kwa hiyo hana la kulalamikia.

Hatua ya tatu: soma ripoti kwa jicho la mkaguzi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Mfilisi anawajibika kutoa taarifa za mara kwa mara zenye hesabu ya mapato na malipo. Wadai wengi hufungua ukurasa wa mwisho, wanatafuta watapata kiasi gani, wanaona sifuri, wanafunga. Ufuatiliaji wote wa mahakama hujengwa juu ya kurasa walizoziruka.

Chukua mstari mmoja tu: "Mauzo ya mitambo na samani." Mbele yake kuna tarakimu mbili, ya makadirio katika taarifa ya hali ya kampuni (orodha ya mali na madeni yake ufilisi unapoanza), na ya kilichopatikana. Tuseme makadirio yalikuwa 100 na kilichopatikana ni 18. Pengo peke yake halithibitishi ubaya. Mali inayouzwa kwa shida hushuka bei, na wakurugenzi hupenda kuikadiria juu. Uliza mambo manne. Nani alithamini mitambo hiyo, na ripoti yake ya tarehe gani? Iliuzwa kwa mnada, kwa zabuni, au kwa mazungumzo na mtu mmoja? Mnunuzi ni nani, na ana uhusiano gani na wakurugenzi wa zamani? Je, kulikuwa na ofa nyingine, na kwa nini ilikataliwa? Majibu yakiwepo, funga mstari huo kwa amani. Yasipokuwepo, umepata kitu cha kumwuliza mfilisi kwa maandishi.

Nenda kwenye malipo. Tenganisha ada ya mfilisi, ada ya mawakili, ada ya mawakala na madalali, na gharama nyingine. Kumbuka mpangilio wa malipo: wenye dhamana maalumu huchukua thamani ya dhamana zao, kisha gharama za ufilisi hutoka kwanza katika mali iliyobaki, wanafuata wadai wa kipaumbele kama wafanyakazi, kisha mwenye dhamana inayoelea (isiyofungwa kwenye mali moja maalumu), halafu wadai wa kawaida, na wanahisa mwisho kabisa. Kwa hiyo kila kinachoongezeka kwenye gharama kinamtoka mdai wa kawaida kabla ya mwingine yeyote. Piga hesabu ya kila 100 iliyokusanywa: ngapi zimebaki baada ya gharama? Andika jibu pembeni ya ripoti, na ufanye hivyo kwa kila ripoti inayofuata. Mwelekeo wa tarakimu hizo husema zaidi kuliko ripoti moja.

Mwisho, tafuta kisichoandikwa. Mfilisi ana wajibu wa kuchunguza yaliyotokea kabla kampuni haijaanguka: mkopeshaji aliyelipwa kwa upendeleo ndani ya miezi sita ya mwisho, au miaka miwili ikiwa ni mtu wa karibu na kampuni, mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa ndani ya miaka miwili, malipo yaliyofanywa baada ya ombi la ufilisi kuwasilishwa, ambayo kwa kawaida ni batili mpaka mahakama iyaidhinishe. Kama unajua kwamba gari la kampuni lilihamia jina la ndugu wa mkurugenzi na ripoti iko kimya, huenda mfilisi hajui. Mpe habari hiyo pamoja na ushahidi. Si kila ukimya ni hila, na mfilisi mzuri atakushukuru.

Hatua ya nne: andika barua ambayo jaji ataisoma

Barua yako kwa mfilisi ina wasomaji wawili, yeye leo na jaji baadaye. Iandike ukiwa na yule wa pili akilini. Ondoa hasira na tuhuma za wizi, na usitishie kwenda polisi. Taja ukurasa, mstari, swali, na tarehe unayotaka jibu. Mfano:

"Narejea ripoti yako ya kipindi kilichoishia tarehe iliyotajwa hapo juu, ukurasa wa 4, mstari wa 'Mauzo ya mitambo na samani'. Naomba (a) nakala ya ripoti ya mthamini. (b) jina la mnunuzi na maelezo ya uhusiano wake, kama upo, na wakurugenzi. (c) maelezo ya namna mali ilivyotangazwa. Na (d) nakala ya ofa nyingine zilizopokelewa. Naomba majibu ndani ya siku 14. Kama kuna sababu ya kutotoa lolote kati ya haya, naomba uitaje."

Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mfilisi anaweza kuwa na sababu halali ya kunyamaza, kwa mfano uchunguzi ambao ukitangazwa utamwamsha mtu anayefuatiliwa. Lakini akiombwa sababu asitoe, ukimya wake unakuwa ushahidi.

Uingereza imeliweka hili kwenye kanuni za ufilisi za mwaka 2016: mwenye dhamana, au wadai wasio na dhamana wenye angalau asilimia 5 ya thamani ya madeni yasiyo na dhamana, wanaweza kuomba maelezo zaidi kuhusu ada na gharama ndani ya siku 21 tangu kupokea ripoti, na mfilisi ana siku 14 za kujibu. Akikataa bila sababu nzuri, mahakama inaweza kuamuru atoe. Mdai mdogo asiyefikia kiwango hicho anaweza kuomba ruhusa ya mahakama, au akatafuta wenzake.

Hatua ya tano: tafuta wadai wenzako

Majina ya wadai wengi na kiasi wanachodai huwemo katika taarifa ya hali ya kampuni. Wapigie. Maombi yanayoletwa na mdai mmoja mwenye ugomvi na mfilisi husomwa kwa mashaka. Yanayoungwa mkono na wadai wenye sehemu kubwa ya madeni husomwa vingine kabisa. Na gharama zinagawanyika.

Kama hakuna kamati ya wadai, ombeni iundwe. Kamati hupokea taarifa kutoka kwa mfilisi, humhoji, na mara nyingi ndiyo inayoidhinisha msingi wa ada yake. Kwa maoni yangu kamati ya watu watatu wanaosoma makaratasi inazuia uharibifu mwingi kuliko shauri lolote linalofunguliwa baadaye, kwa sababu inakuwepo kabla mali haijauzwa. Wadai pia, kwa kura ya wingi wa thamani, wanaweza kumbadilisha mfilisi bila hata kumfikia jaji, ingawa masharti yake hutegemea aliteuliwa vipi.

Hatua ya sita: chagua ombi linalolingana na tatizo

Mashauri mengi dhidi ya wafilisi hufa kwa sababu mwombaji alibisha mlango usio wake. Anataka maelezo, anaomba mfilisi afukuzwe. Anataka ada ipunguzwe, anadai ubadhirifu. Kila ombi lina kipimo chake.

Kubatilisha uamuzi wa mfilisi. Katika ufilisi wa amri, mtu aliyeathiriwa na kitendo au uamuzi wa mfilisi anaweza kuiomba mahakama iuthibitishe, iugeuze au iurekebishe. Kipimo ni kigumu. Mahakama hazijiweki mahali pa mfilisi kwenye mambo ya biashara. Haitoshi kwamba wewe ungeuza kwa bei nyingine au mwezi mwingine. Katika shauri la Re Edennote la mwaka 1996, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema kwamba pasipo udanganyifu wala nia mbaya, itaingilia tu pale mfilisi alipofanya jambo lisilo na busara kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angelifanya.

Hata hivyo mwombaji alishinda, na namna alivyoshinda ina faida kwa kila mdai. Mfilisi yule alikuwa ameuza haki ya kampuni kumshtaki mtu. Aliiuza bila kupata ushauri wa kisheria juu ya thamani ya haki hiyo, na bila kumwuliza yule anayedaiwa kama angekuwa tayari kulipa zaidi ili shauri liishe. Mauzo yalifutwa. Kilichomwangusha mfilisi ni kwamba aliamua bila kufanya maulizo ambayo mfilisi yeyote makini angeyafanya. Bei ndogo peke yake isingetosha. Kwa hiyo unapoandaa hoja zako, weka nguvu kwenye utaratibu: hakuthamini, hakutangaza, hakuuliza, hakupata ushauri. Jaji hana haja ya kuwa mtaalamu wa mitambo ili kuona kwamba ripoti ya mthamini haipo.

Na uione pia sehemu ya pili ya hukumu hiyo. Jaji wa kwanza alikuwa amemwondoa mfilisi. Mahakama ya Rufaa ilikubali mauzo yafutwe lakini ikamrudisha mfilisi kazini. Kukosea uamuzi mmoja si lazima kumfanye mtu asifae kuendelea.

Kumwondoa mfilisi. Sheria hudai sababu ionyeshwe. Tangu mashauri ya karne ya 19, kipimo kimekuwa maslahi halisi ya ufilisi wenyewe na ya wale ambao unafanywa kwa ajili yao. Huhitaji kuthibitisha kwamba mfilisi ni mwovu. Mgongano wa maslahi unatosha mara nyingi, kwa mfano mfilisi anayetakiwa kuwachunguza wakurugenzi huku ofisi yake iliwahi kuwashauri. Uzembe wa muda mrefu katika kufuatilia mali unatosha pia. Lakini jaji atapima gharama ya mfilisi mpya kujifunza jalada upya, na gharama hiyo itatoka kwenye mali yenu. Ningemshauri mdai aombe hili akiwa tu na sababu inayogusa kazi iliyobaki. Makosa ya kazi iliyokwisha yana dawa nyingine.

Kupinga ada. Hapa mzigo wa kueleza uko kwa mfilisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jaji Ferris wa Uingereza, katika shauri kuhusu mali za Robert Maxwell, tajiri wa magazeti, alikutana na wapokeaji wa mali walioteuliwa na mahakama ambao walikusanya zaidi ya pauni milioni 1.6, na karibu zote zingeishia kwenye ada zao na za mawakili. Alisema saa zilizotumika hupima gharama ya kufanya kazi. Hazipimi thamani ya kazi kwa wadai. Kinacholipwa ni thamani, na anayeshika mali za wengine lazima aeleze kwa kina alichofanya na kwa nini kilihitajika. Maneno hayo yanawahusu wafilisi pia.

Kwa hiyo omba mchanganuo wa saa: nani, daraja gani, kazi gani, siku gani. Tafuta mkubwa wa ofisi aliyefanya kazi ya karani kwa kiwango cha mkubwa, watu watatu kwenye kikao cha mtu mmoja, na saa za kuandaa madai ya ada yenyewe. Uingereza, wadai wasio na dhamana wanaopinga ada wanahitaji kuwa na angalau asilimia 10 ya madeni yasiyo na dhamana au ruhusa ya mahakama, na maombi yawe ndani ya wiki nane tangu kupokea ripoti inayoitaja ada hiyo mara ya kwanza. Nchi nyingine zimefunga mjadala kwa viwango: Marekani, ada ya msimamizi katika ufilisi wa Sura ya 7 (ule wa kuuza mali na kugawa fedha) haizidi asilimia 25 ya dola 5,000 za kwanza anazogawa, 10 ya zinazofuata mpaka 50,000, 5 mpaka milioni moja na 3 juu ya hapo, na bado jaji anaweza kuipunguza.

Kudai mfilisi alipe. Aliyechukua mali ya kampuni, aliyeitumia vibaya au aliyekiuka wajibu wake anaweza kuamriwa na mahakama airudishe au afidie, chini ya kifungu cha 212 cha Sheria ya Ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1986. Fedha hizo huenda kwenye mfuko wa ufilisi kwa ajili ya wadai wote. Anayeshtaki hazipati peke yake. Hesabu hiyo uipige kabla ya kuanza: ukibeba gharama za shauri peke yako ili upate mgawo wa asilimia ndogo, unahitaji wenzako.

Kuomba maelekezo. Mfilisi mwenyewe anaweza kuiuliza mahakama afanye nini, kwa mfano pale wadai wawili wanapogombania mali moja. Mara nyingi dawa bora ni kumwandikia mfilisi: "Jambo hili lina utata, tunaomba upeleke maombi ya maelekezo." Akikubali, mnapata uamuzi wa jaji bila ugomvi. Akikataa, umepata aya nzuri ya kiapo chako.

Hatua ya saba: andaa maombi

Maombi yana sehemu mbili: amri unazoziomba, na hati ya kiapo inayobeba ukweli wa mambo. Amri ziwe chache na zinazotekelezeka. "Mfilisi atoe nakala ya ripoti ya mthamini ndani ya siku saba" ni amri. "Mfilisi atende haki" si amri, kwani hakuna atakayejua lini imevunjwa.

Kwenye kiapo, eleza wewe ni nani, unadai kiasi gani na deni lako lilikubaliwa lini. Fuata mpangilio wa tarehe, na kila sentensi iwe na kielelezo chake. Tenga unachokijua na unachokiamini, na ukitaja unachokiamini sema chanzo chake. Weka barua zako zote na majibu yote, hata yale yanayomsaidia mfilisi. Jaji akigundua umeficha barua moja, hataamini zile nyingine ishirini.

Kama mali inakaribia kuuzwa, usisubiri siku ya kusikilizwa. Omba amri ya muda ya kusimamisha mauzo, kwa hati ya dharura, siku ileile unayofungua maombi. Ujue kwamba unaweza kutakiwa kuahidi kufidia hasara ikiwa baadaye utaonekana hukuwa na hoja. Baada ya mali kuhamia kwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, kuirudisha ni kazi ngumu sana.

Kuhusu gharama, anayeshindwa kwa kawaida hulipa. Mfilisi akishinda, gharama zake hutoka kwako au kwenye mali ya kampuni, na hivyo kwa wadai wote. Akishindwa kwa makosa yake binafsi, iombe mahakama iamuru wazi kwamba gharama zisitoke kwenye mali ya kampuni. Usiposema, anaweza kujilipa humohumo.

Hatua ya nane: mbele ya jaji

Jaji atataka kujua mambo matatu mapema: unaathirika vipi, ulimwuliza mfilisi lini, na unataka nini kifanyike kesho asubuhi. Jibu kwa sentensi fupi. Mfilisi akitoa mezani nyaraka ulizozililia miezi sita, kubali ushindi huo, omba muda wa kuzisoma na gharama za maombi. Kung'ang'ania vita baada ya kupata ulichokiomba hugeuza huruma ya jaji. Amri ikitoka, chukua nakala iliyogongwa muhuri, mpelekee mfilisi kwa njia yenye kumbukumbu, na uweke siku za utekelezaji kwenye kalenda. Asipotii, unarudi kwenye jalada lilelile.

Hatua ya tisa: kabla mlango haujafungwa

Ufilisi ukikaribia mwisho, mfilisi hutuma hesabu ya mwisho na kutaka kuachiliwa wajibu. Barua hii hutupwa kuliko zote. Akishaachiliwa, Uingereza huwezi kumshtaki chini ya kifungu cha 212 bila kwanza kupata ruhusa ya mahakama, na kampuni ikishafutwa kwenye daftari itabidi uombe irudishwe ndipo mambo yake yafufuliwe. Pinga kabla. Mwandikie mfilisi na msajili kwamba kuna jambo halijaisha, ulitaje, na uombe hatua ya kuachiliwa isubiri.

Kuchelewa hakufungi kila kitu. Mwaka 1903, katika Pulsford v Devenish, mfilisi aligawa mali yote na kampuni ikavunjwa bila mdai aliyejulikana kulipwa. Mfilisi alikuwa ametangaza gazetini. Hakumwandikia mdai huyo, ingawa deni lilionekana kwenye vitabu vya kampuni. Mahakama ilimwona mfilisi anawajibika kulipa fidia yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukigundua kampuni imevunjwa na hukuwahi kupata barua, kusanya kilichopo: ankara zako, anwani uliyokuwa ukitumia na kampuni, na chochote kinachoonyesha kwamba jina lako lilikuwa kwenye vitabu mfilisi alipovipokea. Vipeleke kwa wakili wiki hiyohiyo, kwa kuwa ukomo wa muda wa kudai fidia unaendelea kuhesabika.